Kijitabu cha mama wa mwani: wanaopigwa picha nao wawe waandishi

Andika Zanzibar kwenye intaneti utafute picha, haichukui muda utamuona mama kainama kwenye maji ya Paje au Jambiani, kanga imerowa, mgongo uko kwenye kamera, na chini yake pameandikwa mkulima wa mwani, basi, au hata hilo halipo. Jina hana. Nimeziona picha hizo kwenye vipeperushi vya hoteli, kwenye ripoti za miradi, kwenye kalenda, na siku hizi naziona mpaka kwenye slaidi za watu wanaofundisha kupiga picha, zinatolewa kama mfano wa mwanga mzuri. Na hapo ndo panaponiuma, maana mimi nafundisha vijana kupiga picha, na vitabu vingi vya kufundishia tunavyovipata maadili yamewekwa sura ya mwisho, kurasa mbili, muombe mtu ruhusa, kwisha. Na vyenyewe vimejaa picha za watu ambao sidhani kama hata mmoja wao aliwahi kukishika hicho kitabu mkononi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kitabu cha kufundisha kupiga picha kwa heshima hakiandikwi na mpiga picha peke yake, hata awe mtu mwema vipi. Waliomo kwenye picha wawe waandishi, wawe wahariri, wawe na nguvu ya kusema hii itoke na hii isitoke, na kikishachapwa kirudi kwao kwa lugha yao. Vyenginevyo tunafundisha adabu kwa kitu ambacho chenyewe kimetengenezwa bila adabu.

Kwa asiyejua, kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na toka zamani ni kazi iliyoshikwa na wanawake, mpaka leo wao ndo wengi sana kwenye hiyo kazi. Inakwenda na bamvua, zile siku bahari inapotoka mbali na kujaa sana. Maji yakitoka mama wanashuka na vigingi, kamba na taitai, zile kamba ndogo za kufungia mbegu, wanafunga masaa wameinama, maji yakianza kujaa wanarudi na magunia. Ni kazi ya mgongo na magoti na chumvi ya macho, na inafanyika mbele ya mahoteli, kwahiyo mgeni akiamka anakunywa chai yake na mbele ya macho yake kuna watu wako kazini. Baharini hakuna ua wala mlango wa kufunga, mtu yeyote mwenye simu anashuka tu na nguo yake ya kuogelea, anapiga, anaondoka.

Tulipoanza kukaa na kikundi kimoja cha mama wa mwani kutengeneza kijitabu cha kufundishia, mimi na vijana ninaowafundisha, kamera zilibaki kwenye mabegi. Tuliuliza tu, picha gani mtu akikupiga utakasirika? Jamani. Yalitoka mambo ambayo hakuna mwalimu wa kamera angeyajua. Nguo iliyorowa inashika mwili, kwahiyo picha ya nyuma wakati mtu kainama ni aibu, hata kama mpigaji nia yake ilikuwa kamba na mbegu. Ushungi ukiteleza huku mikono miwili imeshika kamba, huwezi kuurudisha, na kuna watu wanasubiri hapo hapo ndo wabonyeze. Mtoto ambaye siku hiyo hakwenda skuli kaja kumsaidia mamake, picha yake ikizunguka ikafika kwa walimu ni mtihani kwa nyumba nzima. Na shamba lenyewe, kuna mama hataki shamba lake lijulikane limeoza kwa joto, maana kesho kutwa anaomba mkopo kwenye kikundi.

Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote pale, akasema, "Mwanangu, mimi picha sikatai. Nipige nimesimama, nimejifunga vizuri, na gunia langu limejaa." Kijana wangu mmoja akamjibu lakini bibi, sisi tunataka kuonesha kazi inavofanyika. Bibi akamwambia gunia lililojaa ndo kazi. Sentensi ile imeingia kwenye kijitabu, ukurasa wa mwanzo kabisa, na mbele ya sura ya mwanga na ya lenzi.

Watu wakisikia maadili ya picha wanadhani ni kitu kinachokuja na semina na mwezeshaji na chai ya saa nne. Mtoto wa Ng'ambo, mitaa ya hapa mjini Zanzibar, anayajua tayari. Harusini, upande wa wanawake, simu zinawekwa kwenye pochi na anayepiga ni mwanamke aliyechaguliwa na wenye shughuli, picha anakabidhiwa bibi harusi na yeye ndo anaamua nani azione. Maiti hapigwi. Mama aliye edani hufuatwi na kamera. Na nyumba ya mtu unabisha hodi mara tatu, usipoitikiwa unaondoka zako, hukai mlangoni kusubiri aingiwe na huruma. Mimi naona hodi ni ridhaa iliyokamilika kuliko fomu nyingi nilizowahi kuziona, kwa sababu ndani yake kimya maana yake ni hapana. Kwenye fomu za miradi kimya kinahesabiwa ndio, mtu hakugomba basi kakubali, piga.

Kwahiyo sura ya ridhaa hatukuiandika sisi. Vijana walikaa na mama, wakauliza hodi ya baharini inapigwaje, mahali pasipo na mlango? Wakajibizana wee, mwisho wakakubaliana: unasimama mbali, upande wa mbele mtu akuone, unatoa salamu, kamera iko chini, unasubiri ainuke. Akiendelea kufunga mwani bila kukutazama ushajibiwa. Na ukikubaliwa leo si kwamba umekubaliwa bamvua lijalo. Maneno hayo yameandikwa na kijana mmoja kwa mkono wake, yakasomwa kwa sauti, yakasahihishwa na mama, yakaandikwa tena, ndo mana ukiyasoma unasikia wanavozungumza.

Hatukuanza sisi kufikiria hivi. Mwaka 1992, Yunnan huko China, Caroline Wang na Mary Ann Burris waliwapa kamera wanawake 62 wa vijijini wapige maisha yao na wayazungumze wenyewe mbele ya viongozi, na hapo ikatoka njia inayojulikana leo kwa jina la Photovoice, watu wa afya wanaitumia kila pembe ya dunia. Watu wakiitaja wanakimbilia kwenye kamera kugaiwa. Mimi kinachonishika ni mpangilio wake: kabla kamera haijatoka kwenye boksi watu wanakaa wanajadiliana namna ya kumuendea mtu, inafaa kumpiga mtu bila mwenyewe kujua au haifai, picha ikisafishwa utampelekea nani. Na baadaye Wang na wenzake wakaeleza kwamba ridhaa hazitoshi kuwa moja. Kuna ya mwenye kushiriki kwenye mradi, kuna ya anayepigwa, na kuna nyengine ya kuchapisha, ambayo haiwezi kuombwa mpaka picha ishaonekana. Hii ya mwisho ndo inayorukwa na karibu kila mtu. Mtu anakubali kupigwa akiwa hajui ametokaje, halafu anakuja kujiona ukutani kwa watu.

Na hapa jirani, Mathare, mtaa wa mabanda wa Nairobi, mwaka 1997 Lana Wong alishirikiana na MYSA, ile jumuiya ya michezo ya vijana iliyoanza 1987, watoto 31 wa miaka 12 mpaka 17 wakapewa kamera za plastiki za bei rahisi, mradi ukaitwa Shootback. Walipiga, wakaandika, wakakutana kuzungumzia walichopiga, na 1999 kikatoka kitabu cha picha na maneno yao. Mathare ilikuwa ishapigwa picha na dunia nzima kabla yao, lakini waliopiga walikuwa wanakuja na kuondoka. Julius Mwelu alikuwa mmoja wa wale watoto, akaja kuwa mpiga picha wa kazi kabisa na akaanzisha taasisi palepale Mathare kufundisha watoto wengine. Mimi kila nikifikiria kitabu cha kufundishia kinatakiwa kizae nini, jibu langu ni hilo, kizae mwalimu mwengine wa hapohapo, si maonesho mengine Ulaya.

Sasa nieleze meza yenyewe ya uhariri ilivokuwa, ingawa meza haikuwepo, ulikuwa mkeka kwenye baraza ya skuli. Picha walizopiga vijana, na nyengine walizopiga mama wenyewe kwa simu zao, tulizichapa ndogo ndogo steshenari, karatasi ya kawaida, rangi zake hazikuwa nzuri lakini zinatosha mtu kujiona. Tukazitandaza. Utaratibu ulikuwa kila mtu anayejiona kwenye picha anaigeuza kifudifudi kama hataki itoke, na haulizwi kwanini. Hilo la kutokuuliza nililipigania, maana mtu akishaulizwa kwanini anaanza kujitetea, akijitetea anashindwa, hasa mbele ya watu waliosoma, na anairudisha juu kwa haya. Baadhi ya picha nzuri kabisa ziligeuzwa. Kulikuwa na moja, mama na bintiye wamebeba gunia moja, mmoja mbele mmoja nyuma, maji yako kwenye vifundo, anga imejaa mawingu, kijana aliyeipiga alikuwa ashaiweka kwenye stetasi moyoni mwake. Binti akaigeuza. Ikaondoka, na kijana akaifuta kwenye simu mbele yake binti, na hilo la kufuta mbele ya mtu nalo likaingia kwenye kijitabu kama somo.

Halafu zile zilizobaki, maelezo yake yakaandikwa na waliomo. Hapa ndo nilipata darasa kubwa kuliko lote. Mimi ningeandika mama akifunga mbegu, Unguja. Yeye mwenyewe akasema andika: hapa nafunga mbegu mara ya pili, za mwanzo zilikatika maji yalipopata moto, na hii kamba nimeazima kwa wifi yangu. Ona sasa picha ilivobadilika. Kwenye maneno yake kuna hali ya hewa, kuna hasara, kuna deni, kuna wifi. Mwani ukipata joto unadhoofika na kukatika, wakulima wanalia na hilo miaka mingi sasa, na picha peke yake haiwezi kukwambia, ila mwenye kamba kakwambia kwa sentensi moja.

Haya mambo ya maelezo yana historia ndefu kwetu. Kuna postikadi za Zanzibar za mwanzoni mwa miaka ya 1900, studio za mjini kama ya A. C. Gomes na ya ndugu Coutinho zilikuwa zinazitoa kwa ajili ya wageni wa meli, wanawake wamekaa na kanga zao na vipini vyao wametazama kamera, na chini pamechapwa kabila au aina ya mtu, mrembo wa Kiswahili na mengine kama hayo. Majina hamna. Zile sura ni za bibi za watu, kuna mtu leo anapita Darajani ni kitukuu chake na hajui. Wakusanyaji wa nchi za nje wananunua na kuuziana. Na ndani ya mji huo huo kulikuwa na picha za namna nyengine, watu wakijipeleka studio wenyewe, Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, au kule Lamu kwa Omar Said Bakor, mtu anavaa anachotaka, anakaa anavotaka, analipa, anarudi kuchukua picha yake, inakwenda kwenye albamu ya nyumbani. Mji ule ule, kamera zile zile. Nawafundisha vijana wangu hizi mbili pamoja kwa sababu nataka wajue heshima kwenye picha si jambo geni tulilosomeshwa juzi, lilikuwepo mtaani na lilikuwa na bei na risiti.

Jambo jengine gumu ni ruhusa ya viongozi. Ukitaka kufanya mradi kijijini unakwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa hapo, ni utaratibu na ni sawa, unapata barua na muhuri. Tatizo watu wengi wanaishia hapo, wanashuka pwani na barua mkononi kama ndo ruhusa ya kila mtu aliye majini. Sheha anakuruhusu kuwepo kwenye shehia yake, uso wa mama wa watu si wa kwake kuutoa. Wala wa mume, ingawa kuna mama walitaka kwanza wakazungumze nyumbani, na tuliwasubiri, na hakuna aliyeharakishwa. Wengine walirudi wakasema hapana, wakabaki kwenye kikundi kama waandishi bila ya sura zao kuonekana, na kurasa zao ni nzuri.

Ikaja mada ya leseni, na hapa naomba wenzangu wa vitabu huria wanisikilize vizuri maana nawapenda na nakubaliana nao kwa mengi. Kitabu cha kufundishia unataka kisambae, mwalimu wa Pemba atoe fotokopi, wa Tanga atafsiri mifano, kwahiyo watu wanakimbilia leseni ya Creative Commons, ile inayomruhusu mtu yeyote kunakili na kusambaza bila kuja kukuomba. Lakini leseni ile ukishaitoa huirudishi, aliyeshachukua kashachukua. Na inahusu haki ya mwenye kazi tu, haki ya yule mama juu ya sura yake haimo. Kwahiyo kijana aliyepiga anaweza kuitoa bure dunia nzima picha ya mtu ambaye hakukubali hilo, na kwa leseni ile kila kitu kiko sawa! Sisi tukagawa. Maandishi yote ni huria, nakili, badilisha, fundishia. Picha ni za kikundi, zipo kwenye nakala za karatasi tu, anayezitaka anakwenda kuomba kwa wenyewe. Faili inayozunguka Wassap haina sura ya mtu, ina michoro ya mikono na kamba aliyochora binti mmoja wa hapo.

Kuna watu wamekwenda mbali zaidi yetu kwenye hili. Waaborijini wa Warumungu, Tennant Creek huko Australia, mwaka 2007 walikuwa na hifadhi yao ya picha za kidijitali iitwayo Mukurtu, iliyotengenezwa pamoja nao, ambayo ruhusa ya kuona picha inafuata taratibu zao wenyewe, wewe ni nani, wa ukoo gani, mwanamme au mwanamke, na aliyemo kwenye picha yu hai au ameshafariki. Baadaye programu yenyewe ikawa ya bure kwa jamii nyengine. Nilivowasimulia mama wale hawakushangaa hata kidogo, mmoja akasema si ndo albamu ya harusi hiyo.

Sheria nazo zimeanza kuamka. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya walitangulia, yao ni ya 2019, na mwezi Septemba 2023 ofisi yao ya ulinzi wa data iliipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuposti picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na baa moja ikapigwa 1,850,000 kwa picha ya mteja. Nimeziweka hizo taarifa kwenye kijitabu kwa sababu vijana lazima wajue. Ila sikutaka ziwe mbele. Kijana akijifunza kwamba unaomba ruhusa kwa kuogopa faini, atakwenda kumpiga yule ambaye anajua hana wakili wala bando la kujua picha yake iko wapi.

Malipo nayo tulibishana. Mimi nilisimama hapa: mama analipwa kwa muda wake kama mwandishi na mhariri, siku ya mkeka ni siku ya kazi, na tulipanga wakati wa maji mafu, bahari isipotoka sana, ili asipoteze bamvua. Picha haina bei. Kijitabu kikiuzwa pesa inaingia kwenye mfuko wa kikundi. Kuna waliotaka kila picha ilipwe na hoja yao si ndogo, kwa miaka yote hii wengine wanalipwa kwa picha zao, kwanini wao wasilipwe. Hatujamaliza hilo.

Majina ya waandishi yako kwenye jalada, yote, kwa namna kila mmoja alivotaka. Wengine wameandikwa mama fulani kwa jina la mtoto wa kwanza kama wanavoitwa pale, wengine jina kamili na la baba, wengine wakataka herufi tu. Na kwa sababu kuna wazee pale wanasoma Qur'ani vizuri lakini herufi za kizungu haziwaingii, kijitabu chote kimesomwa kwa sauti na binti mmoja wa kikundi na kurekodiwa kwenye simu, kwahiyo na wao wamekihariri, wamesimamisha, wamesema hapa sivyo, rudia.

Toleo la pili wanataka sura ya drone, vile vindege vidogo vyenye kamera. Zinapita juu ya mashamba kila siku sasa, huoni aliyeirusha yuko wapi, na masharti yetu yote ya kusimama mbele na kutoa salamu hayashiki. Vijana wamependekeza sheria za kuiga kwengine, mama wamezikataa, wanasema kwanza waitwe vijana wa pwani wanaozirusha waje wakae mkekani wazungumze nao, maana wengi ni watoto wa pale pale. Wameshaitwa, tunakaa nao maji mafu yajayo inshallah, na aliyeshika kalamu safari hii ni yule binti aliyeigeuza picha yake.